MARADHI HAYAOMBI PASI MPAKANI

Hakuna mfanyakazi wa mjini asiyeijua homa ya matumbo. Huanza kwa kuumwa kichwa na uchovu, na kabla juma la pili halijaisha mtu yu kitandani, mwili wawaka moto, tumbo lamsokota, na kazi imesimama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 9 waliugua homa hiyo ulimwenguni, na kama 110,000 miongoni mwao walikufa. Aghalabu waliokufa si wakazi wa majumba yenye mabomba safi. Ni watoto na vijana wa mitaa ile ambayo maji ya kunywa na maji ya choo hupita ubavu kwa ubavu.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu haukuwatisha sana watu, kwa sababu dawa ilikuwapo. Mtu alikwenda hospitali, akapewa vidonge, akapona, akarudi kazini. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijidudu kiletacho homa ya matumbo, ambacho wataalamu hukiita Salmonella Typhi, kimezishinda dawa moja baada ya nyingine. Na kinapoishinda dawa katika nchi moja hakikai huko. Husafiri pamoja na watu, hupanda meli na ndege, huvuka mipaka bila kuulizwa pasi. Wataalamu nao wamepata njia ya kuufuata mwendo wake hatua kwa hatua, kwa kusoma maandishi ya uzawa yaliyomo ndani ya kijidudu chenyewe. Yafaa kila mwananchi aielewe elimu hiyo, na aelewe pia ni nani aliyeishika mkononi, kwani silaha haimfai mtu ambaye hakuishika.

JINSI DAWA ZILIVYOSHINDWA

Dawa ya kwanza iliyoweza kumponya mgonjwa wa homa ya matumbo ilikuwa kloramfenikoli, iliyoanza kutumiwa mwaka 1948. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa kumi, mmoja au wawili walikufa. Dawa hiyo ikatumika kwa zaidi ya miaka 20 bila mashaka makubwa. Lakini mwaka 1972 homa ya matumbo ilienea sana nchini Meksiko, na kloramfenikoli haikufua dafu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vikaonekana huko Asia vijidudu visivyoshikwa na dawa tatu kwa pamoja: kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli. Madaktari wakahamia siprofloksasini. Katika miaka ya 1990 hiyo nayo ikaanza kudhoofika. Wakahamia sindano za seftriaksoni. Kila walipohama, walidhani wamefika mahali pa salama, na kila mara adui aliwafuata.

Si kwamba ulimwengu haukuonywa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu asiyejua aweza kujipa dawa kidogo isiyotosha, na kwa kufanya hivyo akavizoesha vijidudu kuistahimili. Onyo hilo lilitolewa kabla dawa hizo hazijaenea katika nchi nyingi za Afrika.

Usugu huu huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kosa la kunakili. Kijidudu huzaliana kwa kujigawa, na kila kinapojigawa hunakili maandishi yote ya uzawa wake. Mara chache herufi moja hukosewa. Makosa mengi hayana faida yoyote, lakini huweza kutokea moja likakipa kijidudu ngao. Dawa inapoingia mwilini huviua vijidudu visivyo na ngao, na kile chenye ngao hubaki peke yake, kikapata nafasi ya kuzaa na kuenea.

Njia ya pili ni kuazima. Kijidudu huweza kupokea kutoka kwa kijidudu cha jamii nyingine kipande kidogo cha maandishi, kiitwacho plasmidi, ambacho ndani yake mna maagizo ya kuvunja dawa kadhaa kwa mara moja. Ni sawa na mwizi aliyepewa na mwenziwe funguo bandia za milango mitano. Hakuhitaji kuzichonga yeye mwenyewe. Alihitaji kukutana tu na aliyekuwa nazo. Na mahali pazuri pa vijidudu kukutana ni tumboni mwa mtu au katika maji machafu.

KUSOMA DAFTARI LA KIJIDUDU

Maandishi yote ya uzawa wa kiumbe huitwa jenomu. Jenomu ya Salmonella Typhi ina herufi zipatazo milioni 4.8, nazo zote zaandikwa kwa alfabeti ya herufi 4 tu. Wataalamu waliisoma yote wakaitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 2001, wakitumia kijidudu kilichotoka kwa mgonjwa wa Vietnam. Kazi ile ilitaka watu wengi na muda mrefu. Siku hizi mashine huifanya kwa siku chache, na ipo mashine ndogo ambayo mtu aweza kuishika kiganjani.

Kusoma herufi hizo kwafaa nini? Chukua mfano wa makarani. Karani mmoja anakili hati ndefu, akakosea neno moja. Makarani wengine wakiinakili hati yake, wote watalirudia kosa lile, na kila mmoja huenda akaongeza la kwake. Mtu atakayezikusanya nakala hizo baada ya miaka ataweza kusema, bila kuwaona makarani wenyewe, kwamba nakala hii ilitokana na ile, na kwamba hizi mbili zina baba mmoja. Ndivyo ilivyo kwa vijidudu. Makosa ya kunakili ndiyo alama za ukoo. Na kwa kuwa makosa hayo huongezeka kwa mwendo unaoweza kukadiriwa, wataalamu hukadiria pia ni lini koo mbili ziliachana.

Katika maandishi hayo hayo huonekana vilevile jeni za usugu, hata ijulikane ni dawa ipi haitamfaa mgonjwa. Kwa hiyo daftari moja hujibu maswali matatu: kijidudu hiki ni cha nani, kilipita wapi, na kimebeba silaha gani.

TOKA ASIA HATA BLANTYRE

Mwaka 2015 wataalamu kutoka nchi nyingi walitangaza matokeo ya kusoma jenomu 1,832 za Salmonella Typhi zilizokusanywa katika nchi 63. Waliona kwamba karibu nusu yake zilikuwa za ukoo mmoja tu, uitwao H58, na kwamba wengi wa ukoo huo walikuwa sugu kwa dawa nyingi. Ukoo huo ulizuka Asia Kusini katika kipindi cha kama miaka 30 kabla ya uchunguzi huo. Toka huko ulivuka mara kadha wa kadha ukaingia Afrika, na humu barani ukaendelea kuenea kutoka nchi hata nchi. Watafiti walisema wazi kwamba ndani ya Afrika kulikuwa na mlipuko mkubwa ambao haukuwa umetambuliwa. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiugua na kufa, na hakuna aliyekuwa akiona kwamba vifo vya mji huu na vya mji ule vina asili moja.

Mfano wa Malawi waonyesha jambo hilo kwa hesabu. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, toka mwaka 1998 hata 2010, maabara ilithibitisha kwa wastani wagonjwa 14 wa homa ya matumbo kwa mwaka. Mwaka 2011 wakawa 67. Mwaka 2012 wakawa 186. Mwaka 2013 wakafika 843. Kabla ya mwaka 2010, katika kila vijidudu 100 vilivyopimwa, visivyopungua 90 vilikuwa bado havijawa sugu kwa dawa nyingi. Mwaka 2014, 97 katika 100 vilikuwa sugu. Jenomu zilipasomwa, jibu likapatikana: ni ukoo ule ule wa H58. Mama wa Blantyre hakuwa na duka la dawa huko Asia, wala hakuagiza usugu uje kwake, lakini mwanawe ndiye aliyelipa.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusijione kuwa tumeonewa tu. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba kipindupindu kilichowaangamiza watu wengi nchini Yemen kuanzia mwaka 2016 kilikuwa cha ukoo uliokwisha kuonekana Afrika ya Mashariki mwaka 2015 na 2016, ambao asili yake ni Asia Kusini. Bahari iliyoleta biashara na udugu kwa karne nyingi hupitisha maradhi pia, kwenda na kurudi. Katika mambo haya hakuna nchi iliyo shina la maovu na nyingine isiyo na hatia. Zote zimo katika njia moja.

MIJI MIWILI YENYE JINA MOJA

Novemba mwaka 2016, katika mji wa Hyderabad, jimbo la Sindh nchini Pakistan, walianza kuonekana wagonjwa wa homa ya matumbo ambao hata seftriaksoni haikuwasaidia. Chuo Kikuu cha Aga Khan cha Karachi kilishirikiana na Taasisi ya Sanger ya Uingereza kuvisoma vijidudu hivyo, na mwaka 2018 habari zikatangazwa. Kijidudu kilikuwa cha ukoo wa H58, ambao tayari ulikuwa sugu kwa dawa za zamani. Sasa kilikuwa kimeazima plasmidi, yamkini kutoka kwa kijidudu cha kawaida cha matumbo kiitwacho E. coli, na ndani yake mlikuwamo maagizo ya kuishinda seftriaksoni. Aina tano za dawa zilikuwa zimeanguka kwa pamoja. Kwa vidonge, ilibaki azithromaisini tu. Baadaye huko Bangladesh ikaonekana kwamba kosa la herufi moja tu katika jeni moja latosha kuidhoofisha hata hiyo.

Ramani ya nyumba za wagonjwa wa Hyderabad ilionyesha kwamba ugonjwa uliandamana na mifereji ya maji machafu. Na wasafiri waliotoka Pakistan walionekana wakiugua kwa ukoo huo huo Uingereza na Marekani. Mwaka 2022 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine mkubwa zaidi, ulioonyesha kwamba toka mwaka 1990 vijidudu sugu vya homa hii vimevuka toka nchi hata nchi karibu mara 200.

Ijapokuwa habari hizo ni za kutisha, zilikuwa na tunda jema. Chanjo mpya ya homa ya matumbo, inayofaa hata kwa watoto wachanga wa miezi michache, ilikuwa imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2017. Nayo hutengenezwa katika mji mwingine uitwao Hyderabad, ule wa India. Habari za vijidudu zilipothibitishwa, watoto wa Hyderabad ya Sindh walianza kuchanjwa kwa dharura mwaka 2018, na mwaka 2019 Pakistan ikawa nchi ya kwanza ulimwenguni kuiingiza chanjo hiyo katika chanjo za kawaida za watoto. Blantyre nayo haikukaa kimya. Watoto zaidi ya 28,000 walishiriki katika jaribio la chanjo hiyo, na ikaonekana kwamba huzuia kama visa 4 katika kila 5. Mwaka 2023 Malawi ikaanza kuwachanja watoto wake wote. Hivyo mji uliohesabu wagonjwa wake kwa uangalifu ndio uliotoa ushahidi wa kinga kwa bara zima.

NANI ASHIKE DAFTARI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Daftari la vijidudu la ulimwengu linazidi kunenepa. Mwaka 2023 ushirika wa wataalamu wa nchi nyingi ulitangaza mkusanyiko wa jenomu za Salmonella Typhi kama 13,000 kutoka nchi 110. Lakini mkusanyiko huo haukugawanyika sawasawa. Ziko nchi zenye wagonjwa wengi ambazo vijidudu vyake vyajulikana zaidi kupitia wasafiri waliougua baada ya kurudi kwao Ulaya au kwingineko. Yaani maradhi ya raia wa nchi hizo husomwa pale tu yanapofika katika mwili wa mgeni. Hilo si jambo la kujivunia, kwao wala kwetu.

Tena, nchi maskini zina sababu ya kusitasita kutoa habari zao. Mwaka 2010 lilivuma sana jina la kimeng'enya kimoja kinachovunja dawa kali za mwisho, nacho kilikuwa kimeitwa kwa jina la mji wa New Delhi, kwa sababu mgonjwa aliyeonekana nacho huko Sweden mwaka 2008 alikuwa ametibiwa India. Serikali ya India ililalamika vikali, na wengi waliona kwamba mji mzima umepakwa matope. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Lakini mwezi Novemba mwaka 2021, wataalamu wa Botswana na Afrika ya Kusini waliposoma jenomu ya aina mpya ya kirusi cha korona na kuutangazia ulimwengu bila kuficha, nchi nyingi zilizifungia ndege za kusini mwa Afrika papo hapo. Aliyepiga mbiu ndiye aliyeadhibiwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na hatuwezi kuitetea nchi yoyote itakayoficha. Lakini anayeadhibiwa kwa kusema kweli, kesho atanyamaza, na ukimya wake utawadhuru hata wale waliomwadhibu. Haki yadai kwamba nchi inayotoa habari za vijidudu vyake ipate nayo fungu lake: dawa zinazofaa, chanjo kwa bei iwezekanayo, mashine, na mafunzo kwa watoto wake.

Dalili njema zipo. Katika Chuo Kikuu cha Ibadan nchini Nigeria, Profesa Iruka Okeke na wenzake husoma wenyewe jenomu za vijidudu sugu kutoka hospitali za nchi yao, wakishirikiana na maabara za Colombia, India na Ufilipino zinazofanya kazi hiyo hiyo. Mwezi Oktoba mwaka 2020 kituo cha Umoja wa Afrika cha kuzuia magonjwa kilianzisha mpango wa dola milioni 100 wa kueneza elimu ya kusoma jenomu katika bara. Katika mipango ya namna hii sampuli haiondoki kwenda ng'ambo na kurejea baada ya miaka miwili katika jarida la kigeni. Husomwa nyumbani, na daktari wa wilaya aweza kupata jibu wakati mgonjwa wake angali hai.

MASHINE HAICHIMBI MFEREJI

Hata hivyo, tusidanganyike na mng'aro wa mashine. Jenomu haiwezi kusomwa kama kijidudu chenyewe hakikupatikana kwanza, na kijidudu hakipatikani bila kuotesha damu ya mgonjwa katika maabara. Katika hospitali nyingi za Afrika kazi hiyo ya msingi haifanyiki. Hutumika kipimo cha zamani cha Widal, ambacho mara nyingi humwambia mzima kuwa ni mgonjwa, akapewa dawa asiyoihitaji, na usugu ukapata chakula. Ni heri wilaya iwe na chupa za kuoteshea damu, umeme usiokatika na fundi wa maabara anayelipwa mshahara wake kwa wakati, kabla haijanunua mashine ya fahari ambayo haitakuwa na kitu cha kusoma.

Kadhalika tukumbuke historia. Miji ya Ulaya na Marekani haikuishinda homa ya matumbo kwa vidonge. Ilikwisha kuipunguza sana kabla kloramfenikoli haijajulikana, kwa kuchuja maji, kutenga maji machafu na kutia klorini, kazi ambayo mji wa Jersey City uliianza mwaka 1908. Waliochimba mifereji hiyo walikuwa wafanyakazi wa mikono, na idadi ya watu waliowaokoa hata wao wenyewe hawakuijua. Jenomu yaweza kutuambia kijidudu kimepita wapi. Kuiziba njia yenyewe ni kazi ya bomba, choo na mfereji. Kwa sababu hiyo, ramani ya vijidudu isiishie mezani kwa daktari. Ifike kwa mhandisi wa maji na katika baraza la mji linalogawa fedha, ili mtaa unaougua zaidi ndio uchimbiwe kwanza.

Nasi wananchi tunalo fungu letu. Dawa za vijidudu si peremende za kununua mbili mbili dukani kwa sababu mtu ameumwa kichwa. Anayezimeza bila kupimwa, au kinyume cha alivyoandikiwa, hajidhuru peke yake; huvizoesha vijidudu ambavyo kesho vitaingia kwa mtoto wa jirani. Kiwandani na kazini tudai maji safi na vyoo vya kutosha, kwa kuwa hilo ni jambo la afya ya wote, wala si upendeleo wa mwajiri. Na chanjo inapoletwa tuwapeleke watoto bila kusikiliza uvumi.

Mwaka 2019 peke yake, kwa makisio ya wataalamu, watu milioni 1.27 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya usugu wa vijidudu vya kila namna, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyolipa kwa kiwango cha juu kuliko pote. Hao ni wengi kuliko wakazi wa miji mingi yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu sasa waonekana herufi kwa herufi. Hakuna serikali itakayoweza kusema kesho kwamba haikuuona. Kilichobaki ni kila nchi kuwa na macho yake ya kuutazama, na mikono yake ya kuuziba.